Nilivyopanda Mnara na Mama Mkwe

Kwa watu wa kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawakai benchi moja, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kwenye mahindi ya watu mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na heshima hii huchosha. Mimi nilioa, mke wangu akafariki kabla mtoto wetu hajaanza shule, na katika muda huo wote sikuwahi kumtazama mama yake usoni kwa muda wa kutosha kujua macho yake yakoje.

Tukiwa na jambo la kuzungumza, alimwambia mtoto, naye mtoto akaniambia mimi, hata kama nilikuwa nimesimama karibu kabisa, nimewapa mgongo, nasikia kila neno.

"Mwambie baba yako chai iko tayari."

"Baba, Kukhu anasema chai iko tayari."

"Mwambie nimeshukuru."

"Kukhu, amesema ameshukuru."

"Muulize kama anaongeza sukari."

Kukhu ndiye nyanya kwa Kibukusu. Mtoto aliizoea kazi hiyo ya kubeba maneno tangu alipojua kusema, na siku nyingine aliifanya kwa ujeuri. Nikimwomba amweleze nyanya yake kwamba nimeshiba, alimwambia nimesema ugali haukuiva. Kisha alikaa katikati yetu akicheka, na sisi wawili, kila mmoja akitazama upande wake, hatukuwa na njia ya kumsahihisha.

Waliishi upande wa Endebess, kwenye kishamba chenye mahindi mbele na ng'ombe wawili wa maziwa nyuma. Mimi nilikuwa mtu wa kuja na kwenda. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na tangu nilipotoka shule sikukaa mahali pamoja hadi misimu miwili ya mvua ikapita. Nimepakia miwa kwenye trela, nimelinda malori yaliyolala Malaba, nimeuza nguo kuukuu Eldoret, nimechimba visima Lodwar. Kila mahali nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka. Nikiwa Lodwar niliota ukungu wa Kitale asubuhi, watu wakienda kukamua wamejifunika magunia. Nikirudi Kitale nilitamani joto la Lodwar na ule ukimya wa mchana. Sijui ni ugonjwa gani huo. Mke wangu alikuwa akisema nimezaliwa na mguu mmoja nje ya mlango.

Kazi ya visima niliipenda kuliko zote. Watu hushangaa nikisema hivyo na papo hapo nikikiri kwamba naogopa kwenda juu. Huuliza, si kisima nacho ni urefu? Ni kweli, lakini ukiwa ndani ya kisima huwezi kuanguka. Umekwisha kufika chini.

Hofu yenyewe naijua ilipoanzia. Nilipomaliza shule nilipata kibarua cha kupaka rangi mabati ya kanisa karibu na Bokoli. Nilipanda vizuri, nikapaka upande mmoja huku nikipiga mluzi. Nilipofika kwenye mgongo wa paa nikatazama chini kuangalia kama kopo la rangi nimelifunika, na hapo paa lote likaanza kuelea. Nililala kifudifudi nikakumbatia mabati. Jua lilikuwa kali, yale mabati yakinichoma tumbo, na sikuweza kusogeza hata kidole. Walionishusha ni akina mama wa kwaya waliokuwa wamekuja mazoezini. Mmoja wao alipanda ngazi, akanifunga leso kiunoni, akaishika ncha yake kama mtu anayeshusha mbuzi kutoka kwenye gari, na wenzake chini wakaanza wimbo. Mpaka leo sijui waliimba kwa kuniombea au kwa kunicheka.

Tangu siku hiyo daraja la Nzoia nalivuka nimefumba macho. Nyumba ya ghorofa naingia nikiwa nimegusa ukuta. Nilikuwa nimezoea, kama mtu anavyozoea jino bovu kwa kutafunia upande mwingine.

Halafu nikachoka. Sizungumzii kuchoka kwa kulala ukaamka mzima. Nasema kule kuamka na kukaa kidogo kitandani ukijiuliza uko mji gani. Magoti yalianza kukataa kazi za kuinama, vijana wakawa wananiita mzee bila utani. Nikapata kazi ya kusimamia kinu cha kusaga mahindi Myanga, kule Bungoma, nikapanga vyumba viwili nyuma ya soko. Nilinunua kitanda cha pili kabla sijamuuliza mwenye kukilalia.

Mahari ilikuwa imekamilika siku nyingi, kwa hiyo hakuna mzee wa upande wowote ambaye angenizuia kumchukua mtoto wangu. Lakini alikuwa gredi ya sita, ana marafiki, ana ndama aliyemlea mwenyewe. Nilimwambia sitamlazimisha. Nilimwambia afikirie, kisha aniambie.

Alinipigia kwa simu ya nyanya yake.

"Baba, nimefikiria. Nitakuja. Lakini kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Si unajua zile bembea zinakujanga Kitale wakati wa maonyesho ya kilimo? Kuna moja inapandisha watu juu, juu kabisa, halafu inawaachilia. Sisi tunaiita Lifti. Ukipanda na mimi, nitakuja Bungoma."

"Kwa nini hiyo?"

"Kwa sababu unaogopa."

"Nani amekuambia naogopa?"

"Baba, kila mtu anajua. Ati ulishushwa na leso."

Nyuma yangu mashine ilikuwa ikinguruma, na nilijifanya ndiyo inanizuia kusikia.

"Na ukikataa si vibaya," akasema. "Nitajua tu."

"Utajua nini?"

"Nitajua."

Nilielewa. Mtoto ambaye amekwisha kuagwa mara nyingi hana haja ya maelezo mengi. Alitaka kuona kama kuna jambo ninaloweza kulikalia hata kama mwili wangu wote unataka kuondoka. Hakusema hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa, na nilijua kwamba nikishindwa hatanipigia kelele. Atabaki Endebess, nami nitakuwa mgeni wa kuletewa chai mpaka aolewe.

Siku ya maonyesho nilifika uwanjani kukiwa bado na umande. Kulikuwa na harufu ya samadi na mahindi ya kuchoma, na sauti ya mtu kwenye kipaza sauti akisifia mbegu. Niliwakuta karibu na banda la mbuzi. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, sweta, leso kichwani, na mkoba ameukumbatia kifuani. Aliponiona aligeuka akawa anatazama mbuzi. Mimi nikageuka nikawa natazama trekta.

"Mwambie baba yako, habari ya safari."

"Baba, habari ya safari?"

"Mwambie nzuri. Habari ya nyumbani?"

"Kukhu, anasema umenenepa."

"Mtoto huyu!" akasema mama mkwe, akawaambia mbuzi.

Mnara ulikuwa nyuma ya bembea za watoto wadogo. Ulikuwa mrefu kuliko mikalatusi ya kando ya uwanja, wa chuma kilichopakwa nyekundu na njano, na jenereta likitetemeka chini yake. Viti vilikuwa vimeuzunguka, vitatu kila upande. Vilipanda polepole kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani, vikasimama juu, watu wakawa kimya kabisa. Kisha vikaachiliwa. Nilisikia mlio wa watu kabla sijaelewa kwamba wameanguka.

Nataka nieleweke. Kwetu kijana hutahiriwa amesimama wima mbele ya ukoo wake wote, na haruhusiwi hata kupepesa jicho. Mimi nilisimama. Wajomba zangu walinisogelea mpaka pumzi zao zikanigusa, wakitafuta woga usoni mwangu, hawakuuona. Lakini kisu kilikuwa chini, nami nilikuwa chini, miguu ndani ya udongo. Hapa palikuwa na jambo jingine. Foleni ikasogea, nami nikasogea nayo.

"Baba, umebadilika rangi," mtoto akasema.

"Ni jua."

"Jua gani na kuna mawingu?"

Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yetu na watu kadhaa katikati, aliita.

"Mwambie baba yako, mimi pia napanda."

Sote wawili tukageuka, mpaka mimi nikasahau nikamtazama.

"Kukhu, wewe? Na magoti?"

"Si napanda nimekaa? Siwezi kusimama hapa chini niangalie mtoto akiangushwa kama gunia. Nikiwa naye, tunaanguka pamoja. Mwambie baba yako wewe unakaa katikati."

Ilikuwa mipango mizuri. Mtoto akiwa katikati ni ukuta tosha, wala hakuna mtu wa kwetu ambaye angetulaumu. Ndivyo tulivyokaa hata kwenye mazishi ya mke wangu, mtoto katikati, akiwa mdogo wa kulala magotini.

Aliyekuwa akipanga watu ni kijana mmoja mrefu mwenye filimbi shingoni, na kwa lafudhi yake hakuwa wa upande wetu.

"Songeni, songeni, familia yangu! Mathe, ingia hapo. Wewe kadogo, huku. Buda, hapa."

Tulipokaa, nikaona kwamba mtoto ameketishwa mwisho kabisa, na mama mkwe ndiye aliye katikati. Nikabaki nimesimama mbele ya kiti changu.

"Mtoto anakaa katikati," nikasema.

"Mtoto hawezi kaa kati, buda. Hiyo chuma ya kufunga watu haishuki mpaka kwake. Hiki cha mwisho ndicho cha watoto, kiko na mshipi yake."

"Basi mimi nikae upande ule mwingine wa mtoto."

"Upande ule mwingine ni hewa, buda."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nikauliza kama naweza kuketi nyuma ya mnara.

"Hapana," mtoto akasema haraka. Alikuwa amekwisha kufungwa. "Ulisema na mimi. Nyuma si na mimi."

Mama mkwe alikuwa ameanza kunyanyuka, lakini mtoto alimshika mkono, na nikaona kwamba mkono huo mdogo umeng'ang'ania sweta na hauachii. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa. Mama mkwe naye aliuona. Akakaa tena. Alivuta leso yake mpaka ikafunika uso, akageukia upande wa mtoto kadiri mwili ulivyoweza kugeuka.

Nilimwinamia yule kijana sikioni. "Huyu ni mama mkwe wangu."

"Safi sana!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye banda la mbuzi. "Wakwe wangapi siku hizi wanapelekana raha?"

Akanisukuma kitini na kuteremsha chuma.

Bega lake lilikuwa limegusa bega langu. Sweta ile ilinuka moshi wa jikoni na sabuni ya kipande. Nilijibana upande wa pili mpaka ubavu ukauma, lakini viti vile vilitengenezwa na watu wasiokuwa na wakwe. Nilijaribu kufikiria jinsi nitakavyoieleza habari hii nyumbani, na kwa wazee gani. Kisha kiti kikatikisika na ardhi ikaanza kuondoka, na habari ya wazee ikanitoka.

Niliwahi kusikia watu wakisema usitazame chini. Ushauri huo hauna maana, kwa sababu chini huja yenyewe. Niliona viatu vyangu vikining'inia na chini yake kofia ya yule kijana, kisha paa la banda la mbuzi, kisha uwanja wote na watu wakiwa punje. Nikapandisha macho. Mbele yetu palikuwa na mlima Elgon, wingu limekaa begani mwake, na kuanzia hapo mpaka mjini palikuwa na mahindi, yamekatwakatwa na njia nyekundu. Nilizifahamu njia zile. Nyingi nilizipita nikiwa na mfuko mgongoni. Kutoka juu zilikuwa fupi mno, nikaona kama aibu kwamba zilinichukua umri wangu wote.

Tukasimama. Kile chuma kilitoa mlio mdogo, halafu pakawa na upepo tu. Viganja vilikuwa vimelowa, navyo vilikuwa vikiteleza kwenye chuma.

"Mwambie baba yako," mama mkwe akasema.

Mtoto alikuwa amefumba macho kwa nguvu, meno ameyauma.

"Mama, mwambie baba yako kitu." Alimwita mtoto hivyo siku zote, mama. "Mwambie mimi nilikuwa naomba akatae kupanda."

Mtoto akazidi kukaza macho.

"Mwambie. Nilisali tangu Jumapili, nikamwambia Mungu, huyu mtu amewahi kushindwa na paa la kanisa, ashindwe na mnara huu pia, mtoto abaki. Mwambie."

Mtoto alikuwa akihema tu. Hakuwa hapo. Nadhani hata jina lake asingelisikia. Na sisi wawili tulikuwa tumefungwa kwa chuma, hatuna mahindi ya kuingia, hatuna hata mgongo wa kupeana.

"Sasa umepanda," akasema.

Hakusema amepanda. Alisema umepanda. Katika miaka yote hiyo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu, na alilisema akiutazama mlima kupitia leso.

"Nimechoka," akaendelea. "Nikiinuka kukamua, nashika ukuta. Usiku akikohoa nachelewa kufika kitandani kwake. Nimechoka na sitaki aende. Yote mawili ni kweli. Mchukue."

Nilitaka kumjibu vizuri. Kuna maneno mengi ningeweza kusema, nimeyapanga mara nyingi baadaye nikiwa peke yangu.

"Nimesikia, mama," nikasema.

Tukaanguka.

Kuanguka kwenyewe siwezi kukueleza. Nakumbuka kwamba kitu kilinitoka mdomoni, na si neno. Nakumbuka leso yake imeruka juu. Tuliposimama, kiti kikidunda kidogo na watu chini wakipiga makofi, nilikuwa nimeshika mkono wake, au yeye ameshika wangu. Ulikuwa mkono mgumu, wenye sugu za jembe kama za mwanamume, na ulikuwa umenibana mpaka vidole vyangu vikaingia ganzi. Tukavitazama vile vidole. Hakuna aliyeachia mara moja. Kisha yule kijana akainua chuma na kusema, "Imeisha, wapendwa!" nasi tukaachiana kama tuliounguzwa.

Leso yake ilikuwa imeanguka mabegani. Hapo ndipo nilipouona uso wake. Alikuwa na macho ya mke wangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Mtoto alitapika nyuma ya jenereta. Nilimshikia nywele, na alipomaliza alijifuta kwa mkono wa sweta na kunitazama.

"Ulipiga kelele," akasema.

"Nilipiga."

"Kama msichana."

"Haya."

"Lakini ulikaa."

"Ningeenda wapi? Nilifungwa."

Akafikiria. "Ni kweli. Lakini ulipanga foleni, na huko hukufungwa. Nitakuja."

Alisema hivyo tu, bila tabasamu, kama mtu anayelipa alichoahidi. Kisha akageuka.

"Kukhu alikuwa anasema nini huko juu? Nilisikia kama mtu anaongea."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amesimama mbali, anajifunga leso upya, mgongo kwetu.

"Nilikuwa naomba Mungu," akasema bila kugeuka.

"Ulimwomba nini?"

"Atushushe."

"Si alitushusha?"

"Alitushusha vibaya," akasema, na hapo hata mimi nilicheka, kicheko cha mtu ambaye miguu yake haijarudi bado.

Jambo kama lile halikuweza kuachwa hivyo hivyo. Kwa ukoo wetu, mkwe akigusana na mama mkwe, hata kwa bahati mbaya, anapaswa kwenda nyumbani kwake na blanketi na kuku, na mbele ya wazee wachache anamfunika kwa blanketi hilo. Baada ya hapo wanaweza kusalimiana maisha yao yote. Wengine hufanya hivyo mapema, mara tu baada ya harusi. Sisi hatukuwahi kufanya, kwa sababu kila nilipokuwa na nafasi nilikuwa mahali pengine.

Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Wazee walipoelezwa habari yenyewe, mmoja alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

"Ati mmeangushwa pamoja? Na mashine? Sasa hiyo tutaiita nini?"

"Iite ajali," mwenzake akasema.

"Ajali hailipiwi kiingilio, bana."

Nikamfunika mama mkwe blanketi. Lilikuwa zito, la bluu, naye alikaa chini yake akaonekana mdogo. Alinyoosha mkono, tukasalimiana. Wazee wakapiga makofi, wakageukia kuku.

Nilidhani kwamba ruhusa ya kuzungumza ikija, maneno yatamwagika. Hayakumwagika. Tulikaa sebuleni, kila mmoja kwenye kiti chake, tukitazama meza. Mtoto alikuwa nje anamuaga ndama. Mwishowe mama mkwe akaanza, na alizungumza kama mtu anayekabidhi zamu.

"Maharagwe anakula, lakini umenye maganda kwanza. Akiumwa na jino hasemi, utaona tu ananyamaza. Taa usimzimie mpaka alale. Viatu vyake vya shule vinabana, yeye atakuambia havibani."

"Ndiyo, mama."

"Mama yake alikuwa hivyo hivyo na viatu."

"Nakumbuka."

"Unakumbuka?" Alinitazama. Alikuwa na haki ya kuuliza.

"Nakumbuka," nikasema.

Akakunja ncha ya blanketi, akaikunjua.

"Siku miguu ikikuwasha. Usiniambie haitakuwasha, nakujua, nimekutazama mgongo miaka yote hii. Mgongo unasema kuliko uso. Siku hiyo unipigie simu. Usipange nguo kabla hujanipigia."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo haraka hivyo."

Nikamtazama usoni, kisha nikasema tena ndiyo. Akaitikia kwa kichwa. Kule nje mtoto aliita kwamba yuko tayari. Mama mkwe hakuinuka kutusindikiza. Alisema ni magoti. Tulipofika kwenye lango nilitazama nyuma nikaona amejifunika lile blanketi mpaka kichwani, mchana, na jua likiwaka.

Sasa tunaishi Myanga. Ningependa kusema kwamba nimepona, lakini sijapona kitu. Urefu bado naogopa. Na uchovu wa mama mkwe haukuisha mtoto alipoondoka. Nasikia kwenye simu kwamba umebadilika tu. Zamani alichoka kwa kuamka, sasa anachoka kwa kutokuwa na wa kumwamsha. Ng'ombe mmoja amemuuza. Mtoto huenda kwake kila shule zikifungwa, akirudi hula vibaya kwa siku kadhaa.

Na miguu huwasha. Huja asubuhi, hasa mvua ikiwa imepita, malori yakipunguza mwendo sokoni na kuongeza tena. Mtu anaweza kusimama mlangoni akahisi barabara inamvuta kwenye nguo. Juzi ilikuja vibaya. Nilijikuta nimesimama mbele ya mfuko wangu wa zamani, uliokuwa juu ya kabati, na sikukumbuka nilitoka saa ngapi kwenye mashine. Nikampigia.

"Mama."

Hakuniuliza nani. "Imekuwasha?"

"Imewasha."

"Umeshika nini?"

"Mfuko."

"Una nguo ndani?"

"Bado."

Nilimsikia akikaa chini, polepole, na pumzi yake ikitulia. Kulikuwa na kuku nyuma yake.

"Mtoto anatoka shule saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

"Haya," akasema. "Nami niko hapa, sina kazi. Niambie huko Bungoma mvua imenyesha?"

Nikaanza kumwambia habari za mvua.